Madarasa ya Jumamosi

Jina halisi la kinyozi huyu walilitumia mama yake na mkewe tu. Wengine wote walimwita Redio. Mashine ya kunyolea ikianza kuvuma, naye anaanza: nani kahama, nani kaposa, mpira wa jana uliishaje, na kwa nini refa yule angefaa zaidi kuchunga mbuzi. Mteja akishafungwa shuka shingoni hana pa kwenda, atasikiliza tu. Wapo waliokuja na nywele ambazo bado ni fupi, kusudi wasikie habari. Wapo pia waliotembea hadi mtaa wa pili ili wanyolewe kimya kimya.

Kwa hiyo siku wazazi walipokutana shuleni, wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto, wamchague mtu wa kuwasemea, hakuna aliyeumiza kichwa. Idara ya elimu ya wilaya ilikuwa imeanzisha mpango wa ushirikiano kati ya shule na jamii. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alieleza kwamba idara italeta saruji, mbao na mabati, na wazazi wataleta mikono yao, mchanga na maji. Yatajengwa madarasa mawili ili watoto wa darasa la kwanza waache kusomea verandani. Na pawepo mwenyekiti, mtu wa mtaani, atakayekaa na idara meza moja.

"Mpeni Redio," akasema mama fundi cherehani, ambaye kibanda chake na cha kinyozi vilipakana ukuta kwa ukuta. "Akawachoshe wao huko, sisi tupumzike."

Watu wakacheka mpaka madawati yakalia, na mikono ikanyooshwa. Redio akarudi nyumbani kifua mbele.

Kazi ilianza vizuri kuliko alivyotarajia. Kila Jumamosi asubuhi watu walishuka na majembe, makoleo na makarai. Msingi ukachimbwa, kokoto zikapondwa, zege likamwagwa. Waliokuwa hawasalimiani walijikuta wameshika ncha mbili za ubao mmoja. Na aliyeongoza ujenzi wenyewe alikuwa baba mkwe wa Redio, mwashi aliyestaafu kwa sababu ya kifua. Mzee huyu hakuwahi kumpenda sana mkwewe. Alikuwa akisema, na si kwa kunong'ona, kwamba binti yake ameolewa na mtu anayelisha familia kwa maneno. Lakini alipoona watu wanavyomiminika kwa kuitwa na Redio, moyo ukalegea. Jumamosi moja, amesimama juu ya msingi na mwiko mkononi, alimwita mbele ya watu wote, "Mwanangu, niletee timazi." Redio alikwenda kuichukua ile kamba ya kupimia ukuta akitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Kuta zilikuwa zimefika magotini pale afisa elimu alipomwomba abaki baada ya kikao.

Afisa elimu huyo alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa miwani yenye mnyororo, na sauti yake ilishuka badala ya kupanda kila jambo lilipokuwa zito. Siku hiyo ilishuka mpaka Redio akalazimika kuinama. Alimwambia kwamba juu kuna mpango wa kuunganisha shule zenye watoto wachache, na shule yao imo. Watoto watahamishiwa shule kubwa ng'ambo ya barabara kuu, na majengo yatakuwa bohari ya vifaa vya idara. Bado haujapitishwa. Yeye binafsi anaupinga.

"Silaha yangu ni moja tu, mwenyekiti. Kuta zile," alisema. "Zikifika juu, zikaezekwa, hakuna mkubwa atakayekuwa na uso wa kuwaambia wazazi kwamba walijenga ghala. Lakini watu wakijua leo, kesho nani atashika koleo? Wakiacha kujenga, mimi sina hoja na shule haipo. Hili nimekwambia wewe tu, ili uwasukume wamalize upesi."

Redio akainua kichwa. "Na kama kuta zitafika juu, halafu waifunge hivyo hivyo?"

Mama yule akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, taratibu, jicho moja na la pili. "Basi nitakuwa nimekosea," alisema.

Redio alitoka pale akatembea kwa miguu mpaka kwake, njia ndefu, na hakumsalimia mtu. Alijaribu kutafuta pa kumchukia mama yule akapakosa. Alichosema kilikuwa kweli kila upande alioutazama. Akisema, shule inakufa na yeye ndiye aliyeiua. Akinyamaza, anawachimbisha majirani zake kaburi wakidhani ni msingi. Na katikati hapakuwa na hata upenyo wa kupitisha kiganja.

Kesho yake, mteja wa kwanza aliuliza madarasa yanaendeleaje. Wa pili naye akauliza. Zamani Redio angeshukuru kwa swali kama hilo, angelipanua na kulikunja mpaka kichwa kiishe. Sasa kila swali lilimbana. Alijibu "yanakwenda" na kuinamia sikio la mtu kama anatafuta kitu kilichodondokea humo. Akagundua kwamba habari zote za mtaa zina njia ya kurudi shuleni. Ukianza na mvua, utafika kwenye mchanga uliolowa. Ukianza na harusi, utafika kwa watoto na watasoma wapi. Ikawa salama kunyamaza kabisa.

"Redio imeisha betri," wakasema wateja. Mwingine akampiga begani akamwambia atafute fundi. Yeye alicheka nao, cheko la meno tu. Mwisho akaona kimya kile kitamfichua, akatoa nyumbani redio ya kweli, ile ya jikoni ya mkewe, akaitundika juu ya kioo na kuifungulia kutwa. Mama fundi cherehani akachungulia mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Sasa Redio kaleta redio," alisema. "Nani anamsikiliza mwenzake?"

Kibanda chake, ambacho kwa miaka kilimtosha, kikaanza kuwa kidogo. Aliona jinsi kiti kilivyokula nafasi, jinsi benchi la wateja lilivyoziba mlango, jinsi kioo kilivyomrudishia uso wake kila alipoinua macho. Wateja walikuwa wakifungwa shuka dakika chache wakaenda zao. Yeye alibaki humo tangu asubuhi.

Alijaribu kutoka. Alimwendea mwalimu mkuu akamwambia kwamba kazi zimemzidi, uenyekiti apewe mwingine. Mwalimu mkuu alikuwa anasahihisha madaftari. Hakuinua kichwa. Alisema kwa upole kwamba akitoka sasa, watu watauliza kwa nini, na kwamba si wakati mzuri wa watu kuuliza kwa nini. Redio akamtazama, na kwa namna kalamu nyekundu ilivyosimama juu ya karatasi bila kuandika, akaelewa kwamba na yeye anajua. Wakakaa hivyo kidogo, wawili, kama watu waliokwama kwenye lifti. Kisha akaaga.

Na Jumamosi zikaja, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo palipomuuma zaidi. Ilibidi asimame mbele, aite watu, apige utani, aseme bado kidogo tu jamani. Mama fundi cherehani, ambaye magoti yake yalivimba kila jioni, alibeba maji kichwani kutoka bombani akiimba. Alikuwa na mjukuu wa kike wa darasa la kwanza, na alishachagua dirisha ambalo mtoto atakaa karibu nalo. Alimwonyesha Redio. "Hapa," alisema, akiweka mkono penye uwazi ambao bado haukuwa na fremu. "Upepo utampiga vizuri, hatasinzia." Redio alisema ni pazuri.

Baba mkwe alipanda na kushuka jukwaani akihema. Kifua kililia kama mlango wenye kutu. Binti yake alimsihi apumzike, awaachie vijana, naye alijibu kwamba vijana wanajenga kama wanaotupa mawe kwa mbwa.

Jumapili moja mzee alikuja kunyolewa ndevu. Wateja hawakuwepo. Redio alimlaza kwenye kiti, akampaka povu, akaanza na shavu la kulia. Wembe ulikuwa umefika chini ya kidevu. Akausimamisha. Akazima redio. Na hapo hapo, amesimama nyuma ya kiti, akizungumza na kioo badala ya mtu, alimwambia yote: bohari, barabara kuu, kuta kuwa silaha, na kuombwa anyamaze.

Mzee hakusogea. Nusu ya uso wake ilikuwa nyeupe kwa povu.

"Malizia upande huu," alisema.

Redio akamaliza. Akamfuta, akampaka spiriti. Mzee akakaa wima.

"Umeniambia kwa sababu unaniheshimu, au kwa sababu umechoka kubeba peke yako?"

"Nimechoka, baba."

"Afadhali hukunidanganya hilo." Akanyanyuka kwa kushika mikono ya kiti. "Sasa na mimi umenifungia humo ndani. Jumamosi nitapanda jukwaani nikijua. Ungeniacha nje, mwanangu. Nilikuwa nafurahi."

Akaenda zake. Redio alikuwa ametarajia ushauri, au hata kutukanwa. Alichopata ni mtu wa pili wa kumwonea haya.

Mzee alikuja Jumamosi, kama alivyosema. Alijenga bila kuzungumza na mtu. Redio alidhani labda atalipua kazi, kwa hasira, lakini kila tofali lililala mahali pake, na mzee aliteremsha timazi na kuchungulia kwa jicho moja kama siku zote. Hilo lilimkata maini kuliko maneno. Nyumbani, mkewe aliona kwamba baba yake haji tena kula chakula cha mchana kwao. Akamwuliza mumewe, akaambiwa hakuna kitu. Akamwuliza baba yake, akaambiwa hakuna kitu, kwa maneno yale yale.

"Mmepanga," alimwambia Redio, akikunja nguo za watoto kwa nguvu isiyohitajika. "Mume wangu na baba yangu, watu ambao hawajawahi kukubaliana hata kuhusu chumvi, leo wana neno moja. Basi sawa. Mimi mgeni humu ndani."

Redio alifungua mdomo. Akaona kwamba akimwambia atakuwa amefungia mtu wa tatu. Akaufunga. Mkewe akahamia kulala chumba cha watoto, akisema mdogo ana homa, na mdogo hakuwa na homa yoyote.

Ikaja Jumamosi ya linta, lile zege linalopita juu ya milango na madirisha. Ni siku nzito na ya furaha, maana baada ya linta jengo linaanza kuonekana jengo. Watu walifika wengi. Makarai yalipita mkono kwa mkono kutoka kwenye mchanganyiko mpaka juu, ambako mzee alipokea na kumwaga. Jua lilikuwa limeshapanda alipoacha kupokea. Alikaa kwenye ubao wa jukwaa, kiganja kifuani, midomo wazi. Waliokuwa karibu wakamshika, wakamteremsha, wakamkalisha kivulini kwa ukuta. Mama fundi cherehani akamletea maji na kumpepea kwa kanga yake.

Pumzi ikarudi, kidogo kidogo. Watu walikuwa wamemzunguka wakimtazama, na mama fundi cherehani, kwa kutaka kuwatoa hofu, akapaza sauti.

"Jamani, mimi nina wazo. Darasa hili tuliite kwa jina la mzee. Tuliandike juu ya mlango pale, kwa rangi. Watoto wetu na watoto wao wasome jina lake kila wakiingia."

Watu wakapiga makofi. Mtu akasema na liandikwe kwa rangi ya bluu. Mzee aliyekuwa ameinamisha kichwa akakiinua, akamtafuta mkwewe kwa macho katikati ya watu wale wote mpaka akampata. Alimtazama tu, kama mtu anayeomba atolewe kibanzi kwenye jicho.

Redio akapanda juu ya rundo la matofali.

Hakupiga utani. Mtu wa mdomo kama ule, safari hii maneno yalitoka moja moja, kama yanachomolewa kwa koleo la meno. Aliwaambia shule yao imo katika mpango wa kuunganishwa. Aliwaambia watoto watavuka barabara kuu na madarasa haya huenda yakawa bohari. Aliwaambia afisa elimu anapinga, na kwamba alikuwa ameombwa anyamaze ili kuta zifike juu, na kwamba hata leo hajui kama alifanya vyema kunyamaza au anafanya vyema kusema.

Sepetu ya mtu ilianguka, hakuna aliyeiokota.

"Tangu lini?" akauliza mama fundi cherehani.

Redio alijua kwamba ndilo swali lenyewe, na mengine yote ni mapambo. "Tangu kuta zilipokuwa magotini," alisema.

Mama yule akageuka akautazama ukuta, kuanzia magotini mpaka ulipofika, juu ya kichwa chake, kama anayepima kitambaa. Kisha akajifunga kanga, akachukua ndoo yake tupu, akaondoka. Hakumtukana. Wengine walimtukana, na ilimsaidia kidogo. Mmoja mmoja waliweka majembe begani wakatawanyika, na zege lililobaki likaanza kukauka kwenye jua.

Mzee akasimama. Redio alikimbia kumzuia, mzee akamsukuma mkono. "Zege haliachwi njiani," alisema. "Pandisha." Basi wakabaki wawili, mkwe akipandisha karai, mzee akipokea polepole, mpaka linta ya darasa moja ikakamilika. La pili walikuwa hawajalifikia.

Jumatatu wazazi walijaa kwenye uwanja wa idara. Redio alikwenda nao, ingawa hakuna aliyetembea karibu naye. Afisa elimu alitoka verandani akawasikiliza kwa muda mrefu, miwani mkononi. Alimtazama Redio mara moja tu. Haikuwa hasira, na hakujua ni nini. Walirudi tena, na tena, mpaka wakubwa wakaja wenyewe kukagua shule. Mwisho yakatoka maamuzi ambayo hayakumfurahisha mtu. Madarasa ya chini yatabaki. Ya juu yatakwenda ng'ambo ya barabara. Darasa lililopata linta litaezekwa, la pili lisimame lilipo. Mjukuu wa mama fundi cherehani akakaa karibu na dirisha lake. Binti mkubwa wa Redio, wa darasa la sita, akawa miongoni mwa wanaovuka barabara kuu kila asubuhi, na kila asubuhi mama yake alisimama mlangoni mpaka asimwone tena. Mkewe alikuwa amerudi chumbani, lakini neno "mmepanga" lilibaki ulimini mwake, na alilitoa kila alipokosa lingine.

Baba mkwe hakukubali jina lake liandikwe popote. Alisema watu wanaoandikwa majina ukutani huwa wamekufa, na yeye bado ana shughuli.

Kibanda kilikaa bila wateja kwa muda. Kisha wakarudi, maana nywele huota hata kichwani mwa mtu aliyenuna. Walikaa kwenye kiti na kumwambia, yeye akiwa hana pa kukimbilia, mkono mmoja juu ya vichwa vyao. Nusu walisema angesema mapema, shule nzima ingepona. Nusu walisema angenyamaza mpaka bati la mwisho lipigwe msumari, shule nzima ingepona. Alikubaliana na wote, na hakuwa anaigiza. Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikimbia na kusimama, ikakimbia na kusimama. Mama yule alimsalimia, aliitikia salamu, alimwazima hata pasi. Kumchungulia mlangoni kwa utani, hapana.

Muda wake wa uenyekiti ulipokwisha, uliitishwa uchaguzi mwingine. Redio hakwenda. Alifunga mlango, akajilaza kwenye benchi la wateja, akajihesabu kuwa mtu huru. Jioni mwalimu mkuu akabisha hodi. Alisema kila aliyetajwa alikataa, kila mmoja na udhuru wake, mpaka mama fundi cherehani aliposimama akasema mrudisheni yule yule, huyo ameshachafuka, mwingine wa nini. Na mikono ikanyooshwa.

"Nikikataa?" akauliza Redio.

"Ungekuja ukatae," akajibu mwalimu mkuu.

Siku chache baadaye, benchi limejaa na kichwa cha mtu kiko nusu, simu ikaita. Jina la afisa elimu likawaka kwenye kioo cha simu. Wateja wote wakaliona, maana kibanda ni kile kile, na hakuna kitu kinachoweza kuita humo bila wote kujua. Redio akazima mashine. Akaitazama simu ikiita. Akabonyeza apokee, kisha akabonyeza sauti itoke nje, akaiweka juu ya meza katikati ya poda na vitana.

"Mwenyekiti," ikasema ile sauti inayoshuka, "uko peke yako?"

"Hapana, mama. Nina watu wanne hapa, na wanakusikia. Karibu."

Upande wa pili wa ukuta, cherehani ilikuwa imesimama. Kisha afisa elimu akakohoa, akaanza kuzungumza, polepole, kuhusu lile darasa la pili lisilo na linta.